Anaimba ba be bi bo bu lakini hasomi? Mpe hadithi ya Goso

Waalaykum salaam, dada wa Chake. Umeuliza kama hadithi za bibi yake zitamsaidia mwanao wa darasa la kwanza, anayeimba ba be bi bo bu bila kukosea lakini akipewa kitabu anatazama picha tu. Zitamsaidia, ila si kila hadithi. Mimi nasomesha maandalizi huku Wete, Pemba, na ninayoitegemea kuliko zote ni ya mwalimu Goso.

Ni ya zamani. Askofu Edward Steere aliipata Unguja akaichapisha mwaka 1870. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda kuiba mabuyu, moja likamwangukia mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakatoka kumsaka muuaji, wakaanza na kusi, yaani upepo wa kusini. Kusi akasema: ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiliwa na kiambaza, ukuta wa udongo? Kiambaza nacho: ningetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe inzi, inzi paa. Paa hakuwa na la kujibu.

Sasa yatazame majina. Paka, kisu, moto, maji, kusi: silabi mbilimbili nyepesi, zile zile anazoziimba. Panya, kamba na inzi zinafuata. Kiambaza na ng'ombe viache mwisho. Paa itamfunza kuwa sauti ikivutwa huandikwa irabu mbili, maana wengi huandika "pa" wakaridhika.

Usianze na maandishi. Bibi amsimulie kwanza, paukwa pakawa na mbwembwe zote, mpaka afike pahala akirukwa paka mtoto anateta. Kisha kata boksi la sabuni, andika jina moja kila kipande, mvipange mkekani kwa mfuatano wa hadithi.

Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Mtoto anapitisha kidole, anataja yote sawasawa, mama anapiga vigelegele, kumbe kakariri. Basi akigeuka, badilisha: weka kisu pahala pa kamba, au tia jina lisilokuwemo kabisa. Aliyekariri atapita tu. Anayesoma atasimama. Mmoja wangu alinikunjia uso: "Mwalimu, huyu kima katoka wapi?" Huyo sikumuuliza tena kama anajua kusoma.

Kuandika kunakuja kwa kurefusha mnyororo. Muulize: na inzi asingekutana na paa, angeshikwa na nani? Ataandika buibui, mjusi, chura, na jibu lake aliweke mwenyewe kwenye mstari. Akiandika "ntu" badala ya "mtu" usimkaripie, kaandika anavyosikia nyumbani kwetu Pemba; wewe andika "mtu" chini yake, asome yote mawili. Na akianza mstari kuliani, ni kwa kuwa chuoni, anakosoma Kurani kwa Kiarabu, ndiko anakoanzia. Mtilie nukta ndogo kushotoni mwa daftari, aanzie hapo.

Muda mfupi baada ya alasiri unatosha. Akichoka acha, hata kama hamjafika kwa moto. Na picha nakushauri usichore kwenye vipande hivyo, kwa sababu akiona mkia wa panya hatazisumbukia herufi.