Kama Hooke aliona seli 1665, kwa nini tukangoja mpaka 1839?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Morogoro. Kwenye notisi tumeandika Robert Hooke aligundua seli 1665, alafu mstari unaofuata tu tunaambiwa nadharia ya seli, kwamba kila chenye uhai kimejengwa kwa seli, ni ya Schleiden na Schwann, 1838 na 1839. Sasa hapo katikati si kuna miaka zaidi ya 170? Walikuwa wanafanya nini muda wote huo? Nimemuuliza ticha kaniambia kariri tu miaka, mtihani hauulizi hilo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ticha anakimbizana na silabasi, tumsamehe, ila swali lako ni zuri kuliko jibu analotaka ukariri.

Anza na Hooke mwenyewe. Huyu jamaa alikuwa mtu wa majaribio pale Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kazi yake kila kikao kuwaonyesha wakubwa kitu kipya. Akachukua koki, lile gome la kuzibia chupa, akanoa kisu kikawa kama wembe, akachonga kipande chembamba mno, akakiweka juu ya kibao cheusi maana koki yenyewe ni nyeupe nyeupe, akakimulika na kuangalia kwa hadubini. Kilichokuwa kinamsumbua ni hivi, kwa nini koki ni nyepesi, kwa nini inaelea, na kwa nini ukiibonyeza inarudi ilivyokuwa. Akaona vyumba vidogo vidogo vimepangana, vitupu, ndo hizo seli, akapiga hesabu kwamba inchi moja ya ujazo ina vyumba zaidi ya bilioni moja, basi akaridhika: ndo maana nyepesi, imejaa hewa. Kwake yeye ishu imeisha hapo. Aliangalia na mimea mibichi akaona vyumba vyenye majimaji, lakini hakuna mahali aliposema uhai wote umejengwa kwa vitu hivi, na kwa nini aseme? Alikuwa anauliza habari za koki.

Wa pili ni Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, hakusoma chuo chochote wala Kilatini hakijui. Hadubini yake ukiiona utacheka, kibati kidogo cha shaba kinachoenea kiganjani, katikati kuna lenzi moja kama punje, kitu unachoangalia unakichomeka kwenye ncha ya sindano alafu unakisogeza mpaka karibu kabisa na jicho. Lakini hiyo punje moja ilikuza mara mia mbili na ushee, ikazishinda zile hadubini kubwa za lenzi mbili tatu za wakati huo. Sasa sikia: mzee alitaka kujua pilipili manga inawasha kwa sababu gani, akailoweka kwenye maji. Alivyokuja kuchungulia akakuta maji yamejaa vijidudu vinaogelea. Barua aliyowaandikia Royal Society ni ya Oktoba 1676, na London hawakuamini, ikabidi atafute mashahidi wa heshima, wakiwemo wachungaji, waandike kwamba na wao wameona kwa macho yao. Mwisho Hooke huyo huyo akarudia jaribio la pilipili mwaka 1677 na akaviona. Leeuwenhoek aliziona pia chembe nyekundu za damu, mbegu za kiume, na wadudu wa kwenye utando wa meno yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba lenzi zake nzuri kabisa na namna alivyokuwa anaangalia alivifanya siri, hakumfundisha mtu, na alipokufa 1723 ujuzi mwingi ukaenda naye kaburini.

Kwa hiyo waliobaki wakarudi kwenye zile hadubini za lenzi nyingi, na hapo ndo kuna sehemu kubwa ya jibu lako. Lenzi ya kawaida inapinda rangi za mwanga kila moja kivyake, kwa hiyo kitu unachoangalia kinazungukwa na mistari ya upinde wa mvua, na ukiweka lenzi juu ya lenzi kasoro inaongezeka. Unaona ukungu wenye vidoadoa. Ilifika mahali miaka ya 1820 kuna wataalam Ufaransa wakatangaza kwamba nyama, mishipa, kila kitu mwilini kimetengenezwa kwa vidonge vya duara vinavyofanana, kumbe vingi kati ya hivyo vidonge vilikuwa vinatengenezwa na lenzi zao wenyewe! Aliyewaumbua ni muuza mvinyo wa London, Joseph Jackson Lister, optiki ilikuwa kitu anachofanya akishafunga biashara. Alipanga lenzi za vioo vya aina mbili tofauti ili kasoro ya moja ifutwe na nyingine, 1827 yeye na daktari Thomas Hodgkin wakaonyesha vile vidonge havipo, na 1830 akatoa maelezo yake ya jinsi ya kuzipanga. (Mwanae ndo yule Lister wa kusafisha vidonda na vifaa vya upasuaji, kama jina umelisikia.)

Angalia sasa mambo yalivyokwenda haraka. 1831 Robert Brown anaangalia maua ya okidi, anaona kila seli ina kidoa kimoja ndani, anakiita nyukliasi. 1838 Matthias Schleiden, aliyekuwa wakili kabla ya kuhamia kwenye mimea, anasema mimea yote ni seli na hicho kidoa ndo chenye kazi. Schwann alisimulia mwenyewe kwamba walikuwa wanakula pamoja Berlin, Schleiden akawa anamweleza habari za nyukliasi, yeye akashtuka maana kitu kama hicho alishakiona kwenye wanyama, kwenye ule uti laini wa viluwiluwi vya chura, wakaondoka kwenda maabara kuangalia. 1839 Schwann akachapisha: wanyama nao hivyo hivyo. Miaka 9 tu baada ya maelezo ya Lister.

Notisi zako pia zimemruka mtu. Schleiden na Schwann walikosea jambo kubwa, walidhani seli mpya inaganda yenyewe kutoka kwenye ute, kama fuwele za chumvi. Aliyeona kwamba seli inagawanyika zikawa mbili ni Robert Remak, kwenye damu ya vifaranga ambavyo havijaanguliwa, na 1852 akaandika wazi kwamba hakuna njia nyingine. Remak alikuwa Myahudi kule Prussia, akakataa kubatizwa ili apate cheo, na uprofesa kamili hakuupata mpaka anakufa. 1855 Rudolf Virchow akaja na ile sentensi ya Kilatini kwamba kila seli hutoka kwenye seli, na sifa zikaenda kwake. Kwenye mtihani andika Virchow upate maksi zako, ila Remak mjue.

SWALI: Salaam aleikum ndugu mhariri. Juzi nilimpeleka mtoto maabara ya mtaani hapa Mombasa, wakamtoa damu wakachungulia wakasema ana malaria. Sasa mbona akiwa na mafua hawachungulii hivyo hivyo wakaona virusi? Ama ni uvivu?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Si uvivu. Kimelea cha malaria anakaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni kama maikromita 7 (maikromita moja ni milimita ukiigawa mara elfu), wakiipaka rangi na kuweka tone la mafuta chini ya lenzi kubwa kabisa wanaikuza mara 1000 na anaonekana vizuri tu. Ndivyo anavyosakwa tangu Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alipomwona Algeria mwaka 1880, na yeye hata rangi hakutumia, alimgundua kwa vile kimelea mwenyewe alikuwa anatikisika.

Kirusi cha mafua kiko kwenye maikromita 0.1. Mwanafizikia Ernst Abbe kule Jena, Ujerumani, alishapiga hesabu 1873 kwamba mwanga wenyewe una kikomo, vitu viwili vikikaribiana chini ya kama maikromita 0.2 unaviona kitu kimoja hata ununue hadubini ya bei gani. Ndo maana wahandisi Ruska na Knoll, Berlin 1931, waliachana na mwanga wakatumia elektroni. Mashine ya namna hiyo ni kubwa na ghali, huwezi kuikuta maabara ya mtaani. Hata kile kipimo cha VVU cha kutoboa kidole hakimtazami kirusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza kupambana naye.

SWALI: Mambo vipi. Binti yangu ana miaka 10, anataka hadubini na mfuko hauruhusu. Kuna njia ya kienyeji?

JIBU: Poa kaka, ipo. Nenda kwa fundi mwambie akutolee kale kalenzi kadogo kwenye deki bovu ya DVD, chukua lenzi peke yake, ile leza msiiwashe kabisa maana inaua macho. Ibandike juu ya kamera ya simu kwa selotepu. Alafu chukua kitunguu maji, kata pande moja la ndani, livunje, utaona upande wa ndani kuna kingozi chembamba kama nailoni kinachunika. Kilaze kwenye kipande cha kioo au plastiki angavu, dondoshea iodini ya kidonda kidogo, subiri kidogo, mwanga utoke kwa chini, tochi ya simu nyingine inatosha, isogeze kamera mpaka karibu kugusa. Seli za kitunguu ni kubwa, utaona kama ukuta wa matofali, na mikono ikitulia mtakiona na kile kidoa cha Brown, yaani nyukliasi. Mkiona weusi tu, kingozi kimekuwa kinene, chunueni kingine.