Kitabu kimoja, majina mawili

Ndugu, uliyeuliza kama Murder in the Calais Coach na Murder on the Orient Express ni riwaya mbili: ni moja, ya Agatha Christie, ya mwaka 1934. Murder in the Calais Coach lilikuwa jina la toleo la Marekani. Huko riwaya ya Graham Greene, Stamboul Train, ilikuwa tayari imeuzwa kwa jina Orient Express, ikaonekana wasomaji watazichanganya.

Kabla ya kulipia kitabu ambacho huenda unacho tayari kwa jina jingine, fungua nyuma ya ukurasa wa jina, penye maandishi madogo ya hakimiliki. Mara nyingi pameandikwa kitabu kilitoka kwanza wapi, lini na kwa jina gani. Pasipoandikwa, linganisha vitabu hivyo viwili: sentensi ya kwanza ya sura ya kwanza, kisha majina ya wahusika. ISBN, yaani namba ya kutambulisha toleo la kitabu, haikusaidii hapa, kwa sababu kila toleo lenye namba hiyo lina yake hata maneno yakiwa yaleyale. Picha ya jalada ndiyo inayodanganya kuliko vyote.

Angalia pia kama mabadiliko yameingia ndani. Harry Potter and the Philosopher's Stone (1997) ilipotoka Marekani mwaka 1998, neno Philosopher's (la mwanafalsafa) likawa Sorcerer's (la mchawi), jaladani na kila jiwe lilipotajwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa: jiwe la wanafalsafa ni hadithi ya kale ya wanaalkemia, watu waliotafuta kugeuza metali kuwa dhahabu, na mtoto aliyesoma toleo la Marekani alinyimwa uzi huo.