Anodi ya seli ya galvani ni hasi: futa ulichoandika kabla hujakikabidhi

Futa sasa hivi ile sentensi yako kuhusu seli ya galvani, yaani seli inayozalisha umeme kwa mmenyuko wa kemikali. Umeuliza elektrodi ipi, yaani kipande kipi cha metali, ni chanya katika seli ya zinki na shaba. Lakini tayari umeandika kwamba zinki ni chanya kwa kuwa ni anodi, na hapo hasa ndipo nilipoangukia mimi.

Katika jaribio langu la vitendo tuliviunganisha vipande viwili vya seli hiyo, zinki na shaba, kwa waya usiku kucha. Asubuhi niliondoa waya huo, nikagusisha waya mwekundu wa voltimita kwenye zinki, nikasoma -1.08, nikaamini kwamba kifaa ni kibovu na kuifuta alama ya kutoa. Kisha, ili kila kitu kilingane na kosa hilo la kwanza, nikachora elektroni zikitoka kwenye shaba kwenda kwenye zinki na kuandika Cu → Cu²⁺ + 2e⁻, ilhali zinki ilikuwa mbele ya macho yangu imelika hadi kuchimbika, na shaba imevaa utando mpya mwekundu. Swali zima lilipotea. Mwalimu wa masomo ya ziada aliyetukaririsha “anodi chanya, kathodi hasi”, bila kutuambia kwamba alikuwa akizungumzia elektrolisisi peke yake, yaani pale umeme wa nje unapolazimisha mmenyuko, alitukosea sana, na uchungu huo haujanitoka.

Anza na elektroni, chaji ije baadaye. Panapopotezwa elektroni, yaani panapotokea oksidesheni, ndipo anodi, na panapopokewa ndipo kathodi, katika seli ya aina yoyote. Zinki huachia elektroni kwa urahisi kuliko shaba: ayoni za Zn²⁺ huingia kwenye myeyusho, elektroni hubaki kwenye kipande chenyewe cha zinki, na kwa hiyo kipande hicho huwa hasi. Katika elektrolisisi ni betri ya nje inayonyonya elektroni kutoka kwenye anodi, ndiyo maana huko anodi ni chanya. Tazama hata betri ya gari yenye risasi na asidi: bamba la risasi hubaki hasi wakati wote, lakini ni anodi linapotoa umeme na kathodi linapochajiwa.

Kwa hiyo chukua mchoro wako, andika kwanza Zn → Zn²⁺ + 2e⁻ chini ya zinki na Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu chini ya shaba, chora mshale wa elektroni kutoka kwenye zinki kwenda kwenye shaba, kisha ndipo uweke alama za chaji.