Bahasha hizo zifungueni leo

Pole sana, dada. Unasema mumeo alikuwa na jeshi la Marekani kule Iraki, akarudi na baadaye akapatikana na pumu, na sasa bili za VA, idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani, zimewashinda. Kwetu nazo zilirundikana juu ya friji, hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Hiyo pumu ndiyo muhimu. Tangu sheria ya PACT ya 2022, waliotumikia Iraki hawadaiwi tena ushahidi kwamba moshi wa mashimo ya jeshi ya kuchomea taka ndio uliowaletea pumu. Aombe fidia VA. Akipewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 50 au zaidi, halipii tena matibabu wala dawa za VA. Asijaze peke yake: DAV na American Legion, vyama vya wanajeshi wa zamani, wanasaidia bure kabisa. Anayewadai pesa ya kujaza fomu, mkimbieni.

Mkiwa mnasubiri, kama kipato kimeshuka, jazeni fomu 10-10HS msamehewe kuchangia matibabu yajayo.

Wewe na watoto mna CHAMPVA, bima ya afya ya VA kwa familia, ila mpaka VA imkubali kuwa na ulemavu kamili wa kudumu. Cheti cha ndoa kitafute mapema. Changu kilinichukua miezi kukipata kutoka Mombasa.