Ukiishi Marekani, soma waraka kwanza, kelele baadaye

Juni 2025 ujumbe wa sauti ulizagaa kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Ohio. Mama mmoja anahema: "Kongo imefungiwa jamani, msisafiri, hata wenye grinikadi wanarudishwa uwanja wa ndege!" Kufika jioni, watu wa Goma na Bukavu walikuwa wameshaanza kufuta tiketi za likizo. Dada mmoja wa Uvira akanipigia, anataka nimsaidie kudai nauli yake irudi. Nikamwambia, dada yangu, subiri kwanza, tuufungue waraka wenyewe.

Tukaufungua, kila mmoja na simu yake. Tangazo la Rais Trump la tarehe 4 Juni, lililoanza kutumika tarehe 9, lilizuia nchi 12 moja kwa moja na nyingine 7 kwa sehemu. Kongo iliyokuwemo ni Jamhuri ya Kongo, yaani ya Brazzaville. Kongo ya Kinshasa, ambako ndiko Uvira iliko, haikutajwa popote. Ukishuka chini unakuta kifungu cha wasioguswa: wenye grinikadi wamo, wenye uraia wa nchi mbili wakisafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha wamo, na viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa. Burundi ilikuwemo kwenye ile orodha ya pili, kwa viza za matembezi, biashara na masomo. Kwa hiyo Mrundi aliyekuwa anamsubiri mdogo wake aje chuo ndiye aliyestahili kuwa na wasiwasi. Usiku ule Mrundi alilala fofofo, Mkongo akakesha.

Ushauri wangu ndio huo, mengine ni kuufafanua. Marekani ina gazeti lake la serikali, Federal Register, linalotoka kila siku ya kazi tangu 1936, na mtandaoni unalisoma bure. Amri na matangazo ya rais huchapwa humo. Kiingereza chake ni cha kutafuna mawe, nakubali, lakini wewe huhitaji kukisoma chote. Tafuta mambo matatu: inaanza lini, inamhusu nani, nani kaachwa nje. Desemba mwaka huohuo orodha ilipopanuliwa na Tanzania ikatiwa kwenye upande wa vizuizi vya sehemu kuanzia 1 Januari 2026, waliokuwa wamejizoeza kusoma ule waraka wa Juni hawakubabaika. Walijua pa kuangalia. Wengine wakalishwa matango pori kama kawaida.

Sasa kuhusu televisheni. Mimi nalea wazee majumbani, ndiyo maboksi yangu ninayobeba. Asubuhi niko kwa babu mmoja ambaye Fox News, chaneli inayoelemea Republican, haizimwi hata akisinzia. Jioni niko kwa bibi wa upande wa pili wa mji. Yeye ni MS NOW, inayoelemea Democrat, ile iliyokuwa ikiitwa MSNBC mpaka Novemba 2025. Wote ni watu wema, wote wananiuliza hali ya mama yangu. Ila ukikaa nyumba hizo mbili siku moja utadhani umevuka mpaka wa nchi. Septemba 2025 mchekeshaji Jimmy Kimmel aliposimamishwa na televisheni ya ABC, asubuhi niliambiwa amevuna alichopanda kwa kauli yake baada ya kuuawa Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia. Jioni nikaambiwa udikteta umeshaingia ndani na kufunga mlango. Ni shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wanasimulia penalti moja.

Kilichotokea chenyewe kina mpangilio wake, na mpangilio ndio unaokufundisha. Mwenyekiti wa FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, Brendan Carr, alisema hadharani kwamba jambo lile lingeweza kumalizwa kwa njia rahisi au kwa njia ngumu. Nexstar, kampuni yenye vituo vingi vya mikoani, ikatangaza kutokionyesha kipindi, na Sinclair, nyingine kama hiyo, nayo ikakataa. Siku hiyohiyo, tarehe 17, ABC ikakisimamisha. Watu wakapiga kelele, wengine wakafuta usajili wao wa Disney, mmiliki wa ABC, na tarehe 23 Kimmel akarudi hewani. Sasa elewa hapa: FCC hutoa leseni kwa vituo vya mikoani, haitoi kwa mtandao mzima kama ABC. Ndiyo maana shinikizo lilipita kwa wenye vituo. Mimi simpendi sana Kimmel, utani wake mwingi haunichekeshi. Lakini mtu mwenye mamlaka juu ya leseni akianza kuongea vile, uzuri wa utani haunihusu tena.

Utasikia wazee wa hapa wakilalamika kwamba zamani kulikuwa na sheria ya kulazimisha pande zote zisikike. Ilikuwepo kanuni ya FCC, ndiyo, kuanzia 1949 hadi 1987, ila iliwahusu wanaorusha matangazo kwa masafa ya umma. Chaneli za kebo kama Fox na MS NOW hazirushi kwa masafa hayo, kwa hiyo hata ingerudishwa kesho asubuhi, babu yangu angeendelea na Fox yake na bibi na ya kwake.

Kinachoweza kuzibana ni mahakama, na hata huko si rahisi. Tangu kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan mwaka 1964, kiongozi wa umma anayedai kuchafuliwa jina lazima athibitishe kwamba mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kabisa kama ni uongo. Ni mlima mrefu. Kampuni ya mashine za kura, Dominion, iliyoishtaki Fox, ilionekana iko njiani kuupanda: mawakili wake walipopata ujumbe wa ndani wa Fox, ikabainika kwamba baadhi ya watu wa chaneli hiyo, faraghani, hawakuamini madai ya wizi wa kura za mwaka 2020 yaliyokuwa yakirushwa hewani. Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5. Kesi hiyo nimemtajia babu. Akanyamaza kidogo, akaomba chai.

Na hapo ndipo ninapokasirika kweli. Kinga ikiwa ngumu namna hiyo, kwa nini Trump alipowashtaki, ABC ilikubali mwezi Desemba 2024 kutoa dola milioni 15 kwa ajili ya maktaba ya baadaye ya Trump, na Paramount, mmiliki wa CBS, milioni 16 mwezi Julai 2025 kwa sababu ya namna mahojiano ya CBS na Kamala Harris yalivyohaririwa? Paramount wakati huo ilikuwa inasubiri FCC ibariki kuuzwa kwake kwa Skydance, na baraka zikapatikana mwezi huohuo. Unganisha mwenyewe. Hawa ni watu wenye majengo ya mawakili. Wakaufyata. Shirika la habari la AP halikukubali kuiita Ghuba ya Mexico jina jipya alilolitaka Rais, likazuiwa kuingia Ofisi ya Rais Februari 2025, likaenda mahakamani, likashinda mwanzo, kisha mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu kubwa ya ushindi huo. AP haina hata mmiliki tajiri. Ni chama cha ushirika cha vyombo vya habari tangu 1846. Ukiwa na dola chache za kulipia habari kwa mwezi, wape wanaokataa kuinama, na gazeti la mtaa wako. Maelfu ya magazeti madogo yamefungwa nchi hii tangu 2005, na likifungwa hakuna chaneli ya kebo itakayokuja kukuambia diwani wako kapiga kura gani.

Sisi wa Kiswahili tulipata pigo letu. Machi 2025 amri ya Rais iliifunga midomo Sauti ya Amerika, na idhaa yetu ya Kiswahili, iliyokuwa ikituelezea chaguzi za nchi hii tangu enzi za baba zetu na redio za mbao, ikanyamaza pamoja na zingine. Wapo waliosema, acha ife, ilikuwa propaganda. Ilikuwa na mapungufu yake. Lakini tangu 1976 kulikuwa na sheria, iliyosainiwa na Rais Ford, iliyoitaka iwe sahihi na itoe picha kamili. Propaganda gani tena hujiwekea sheria hiyo? Nafasi yake kwenye simu ya mama yangu Korogwe imechukuliwa na vijana wa YouTube wanaosoma vichwa vya habari kwa sauti ya kutisha. Kila wiki ananiuliza kama nimefukuzwa.

Tuje kwenye mdomo wako. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanaikataza serikali kukunyamazisha. Bosi wako si serikali. Majimbo mengi, mwajiri binafsi anaweza kukuachisha kazi kwa ulichoandika Facebook na usiwe na pa kushtaki. Baada ya kifo cha Kirk, walimu, wauguzi na marubani walisimamishwa au kufukuzwa kwa maneno ya mitandaoni. Kwa hiyo kabla hujabonyeza, jiulize unaogopa nani hasa: serikali, bosi au shemeji? Dhidi ya serikali una kinga, dhidi ya bosi ni ndogo, na kwa shemeji hakuna.

Kisha angalia karatasi zako. Raia anaongea mpaka sauti ikauke. Mwenye grinikadi na mwenye viza nao wana haki ya kusema. Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 1945 kwenye kesi ya Harry Bridges, kiongozi wa wafanyakazi wa bandarini aliyezaliwa Australia na aliyekuwa akitakiwa afukuzwe nchini. Lakini haki kwenye kitabu na haki ukiwa umefungwa pingu ni vitu viwili. Rümeysa Öztürk, mwanafunzi Mturuki wa Chuo Kikuu cha Tufts, alikamatwa mtaani Machi 2025 na maofisa waliovaa kiraia wamefunika nyuso, akapelekwa kizuizini Louisiana. Ushahidi uliotajwa mahakamani ulikuwa makala aliyoiandika na wenzake kwenye gazeti la chuo mwaka uliotangulia, wakikosoa msimamo wa chuo kuhusu Gaza. Jaji aliamuru aachiwe tarehe 9 Mei. Katiba ilimtoa, lakini baada ya wiki sita ndani.

Kwa mwenye viza nasema hivi, na mimi si wakili: usikimbilie kufuta akaunti. Fomu ya viza inauliza akaunti ulizotumia miaka mitano iliyopita tangu 2019, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za masomo wanatakiwa waziache wazi. Kuficha akaunti ni kosa linalojitegemea, na ni baya kuliko ulichoandika. Kama una jambo zito la kusema, liseme kwa ushahidi na kwa jina lako, na namba ya wakili wa uhamiaji iwe kichwani, maana simu huchukuliwa kwanza.

Jingine halizungumzwi vya kutosha. Ukienda kuchukua leseni ya udereva, karani huenda akakuuliza, kwa tabasamu kabisa, kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama si raia, jibu ni hapana, na usisaini karatasi usiyoielewa kwa sababu foleni nyuma yako ni ndefu. Asiye raia kupiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa ni kosa la jinai kwa sheria ya 1996, na hata kudai uraia usio wako kwenye fomu tu kunaweza kukuondoa nchini.

Baada ya vitisho vyote hivyo, kuna mlango ambao wengi wetu hatuugusi. Mji wetu mdogo pembeni ya Columbus ulikuwa unataka kufunga kamera zinazosoma namba za magari. Nilikwenda kwenye kikao cha baraza. Mlangoni unajaza kadi: jina, unapoishi, kipengele cha ajenda unachotaka kukizungumzia. Hakuna kisanduku cha uraia. Wanakuita, unasimama kwenye kipaza sauti, na mezani kuna taa ndogo: kijani, ikibaki dakika moja njano, dakika ya tatu nyekundu. Niliuliza maswali mawili tu. Picha za gari langu zinakaa muda gani, na nani nje ya mji huu anaweza kuzitafuta, wakiwemo maofisa wa uhamiaji? Mkuu wa polisi akaanza vizuri, katikati akapotea. Diwani mmoja, mzee wa Republican ambaye sikutarajia chochote kwake, akasema naye angependa kulisikia jibu hilo, na analitaka kwa maandishi kabla ya kupiga kura. Kura ikaahirishwa.

Babu alicheka niliposimulia. "Serikali isinipige picha nikienda kununua bia," akasema. Bibi wa jioni alisema jambo lilelile, kasoro bia. Kwenye televisheni zao hawa wawili hawawezi kukaa chumba kimoja.

Nyaraka pia unaweza kuziomba. Sheria ya taarifa ya serikali kuu, ya mwaka 1966, inamruhusu mtu yeyote, hata aliye Dodoma. Hapa Ohio, kwa rekodi za umma za mji na jimbo, kwa kawaida hawaruhusiwi hata kukulazimisha utaje jina au sababu. Majimbo mengine yana masharti yao, angalia la kwako. Mkataba wa zile kamera tuliupata hivyo, kwa barua pepe ya mistari minne.

Kipengele kinarudi mwezi ujao. Safari hii anazungumza mama mmoja wa Bujumbura, na Kiingereza chake hakitoshi kwa dakika tatu. Mkalimani huombwa mapema kwa karani wa baraza, kwa simu au kwa barua pepe. Usisubiri mpaka ufike pale mlangoni.