Fundi, nikate Corolla niunde gari la kizamani?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, Pasua, nina Corolla 110 ya marehemu mzee, injini nzima ila bodi imeoza chini. Nimeona mtandaoni wazungu wanavalisha gari la kawaida bodi ya faibaglasi ya kizamani, ile ya mataa makubwa na mabawa juu ya tairi. Nataka nikate bodi yote nibaki na sakafu nivalishe ya kwangu. Kuna fundi kasema inawezekana, nimpe hela ya kuanzia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mzee. Hela usimpe. Corolla haina chasisi ya peke yake, bodi ndo chasisi yenyewe, sakafu nguzo na paa vyote vinabeba uzito kwa pamoja, sasa ukitoa paa na ubavu unabaki na sinia la bati na la kwako lishaoza, tuta la kwanza tu milango haifungi. Halafu injini yake imekaa kwa upana inavuta tairi za mbele, lile pua refu la kizamani utaliweka wapi?

Hao wazungu wanachagua gari la kuchinja kwa akili. Volkswagen kobe ukifungua bolti bodi inanyanyuka, chini inabaki sakafu na injini, stelingi na breki zake, ndo maana Bruce Meyers kule California miaka ya 60 buggy zake za Manx, vigari vya wazi vya mchangani, alizikalisha juu ya sakafu hiyo iliyofupishwa. Hapa kwetu tafuta Suzuki Escudo za mwanzo, zile za 1988 hadi katikati ya 90, au Jimny. Chasisi ngazi, yaani fremu ya chuma ya peke yake na bodi imefungwa juu, injini kwa urefu, propela nyuma, spea zipo. Corolla uza injini ujazie.

Ukilipata usilifungue siku hiyohiyo! Liendeshe hadi Marangu na kurudi, mlima ule utakwambia kama giaboksi inaruka na kama rejeta inachemsha. Chasisi ikihitaji kukatwa nenda Arusha kwa wale wanaorefusha Land Cruiser za watalii, kuchomelea chasisi ndo ugali wao, ila namba ya chasisi isiguswe na grainda, na kadi iwe mkononi kabla hujalipa, maana bodi ikibadilika utaenda TRA kubadilisha taarifa na gari litakaguliwa.

Waya piga picha, kila soketi ibandike karatasi. Mimi niliwahi kukata wayaringi nzima kwa kujiamini, nikaja kuunga kwa kubahatisha, ukipiga honi waipa zinaamka. Wiki tatu hizo, na fundi umeme juu.

SWALI: Kaka, niko Sakina Arusha, bampa yangu ya faibaglasi ina siku nne bado inanata. Nimekosea wapi?

JIBU: Bonyeza kwa ukucha. Ukizama haijaiva, na baridi yenu ya Julai inachangia, katalisti, ile dawa ya kugandisha, iwe asilimia 1 hadi 2 ya resini, ile gundi ya faibaglasi, pima kwenye mzani usikadirie kwa kizibo, na vaa miwani maana ile kitu ikiingia jichoni ni balaa. Ukucha usipozama na kunanata ni juu tu, basi ni hewa inazuia uso usiive, resini isiyo na nta ndo inavyokuwa. Futa kwa asitoni piga msasa.