Nilipakua Programu Moja, Zikaingia Nne

SWALI: Nina duka la stesheni jirani na chuo kimoja hapa Singida. Wanafunzi huniletea kazi za kuchapa na kutoa kopi, na wengine hujaza fomu za mkopo kwenye kompyuta yangu. Majuzi mteja alileta faili la RAR, yaani lililobanwa, likagoma kufunguka. Nikaandika Google "7-Zip free download", nikabofya tovuti ya juu kabisa, nikapakua, nikabonyeza Next, Next mpaka mwisho. 7-Zip imeingia na inafanya kazi, lakini haikuja peke yake. Chrome sasa inafungukia ukurasa wa kutafuta nisioujua, kuna programu ya "kusafisha" inayodai kompyuta ina mamia ya makosa na inataka nilipie, na kuna antivirus ambayo sikuiomba. Bando linaisha kabla ya saa sita mchana. Kijana anayenitengenezea kompyuta anasema dawa ni kupiga Windows upya na kuachana na vitu vya bure. Ni kweli?

JIBU: Usipige Windows bado, ndugu yangu, na vitu vya bure usiviache. 7-Zip yenyewe haina kosa. Igor Pavlov amekuwa akiitengeneza tangu 1999, ni ya bure kwelikweli, na kisakinishi chake halisi, yaani faili la kuiingizia kwenye kompyuta, hakina tangazo hata moja. Kilichokuletea wageni ni ile tovuti ya juu kabisa. Matokeo ya kwanza ya Google mara nyingi ni tangazo la kulipia, na pembeni yake huandikwa "Sponsored" kwa maandishi ambayo mtu mwenye haraka hayaoni. Mwenye pesa anaweza kuinunua nafasi hiyo kwa jina la programu ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa 2023 matapeli walizinunua kwa wingi, wakajifanya ndio VLC ya kuchezea video, OBS ya kurekodi skrini, Notepad++ ya kuandikia na hiyohiyo 7-Zip.

Inafaa ujue pesa inapita wapi, maana ukishajua hutashangaa tena kuona vitufe vimepangwa vile vilivyopangwa. Mwenye programu ya kudandia hulipa kila inapoingia kwenye kompyuta mpya. Mwaka 2016 watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York walitoa uchunguzi wao juu ya biashara hii, wakakuta malipo ni kati ya senti 10 za Marekani na dola 1.50 kwa kompyuta moja, kutegemea nchi. Wakati huo mfumo wa Google wa kuwalinda watu wa mtandaoni ulikuwa ukitoa maonyo zaidi ya milioni 60 kila wiki kuhusu programu za aina hii, karibu mara tatu ya maonyo ya virusi. Kwa hiyo yule aliyekuwekea 7-Zip ndani ya kifurushi chake hakukufanyia hisani. Alichukua kazi ya bure ya mtu mwingine, akaifungia pamoja na mizigo ya waliomlipa, na wewe ukaweka sahihi ya kuipokea kila ulipobonyeza Next.

Wala usidhani ni tovuti za vichochoroni tu. Mwaka 2011 Download.com ya CNET, iliyokuwa ikiaminika dunia nzima, ilianza kuzifunga programu za watu ndani ya kisakinishi chake chenye matangazo. Mtengenezaji wa Nmap, programu ya kukagua mitandao, alipoikuta programu yake imefungwa hivyo, alilalamika hadharani. SourceForge, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyumbani kwa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote), ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2013. Watu wa GIMP, ile programu ya kuhariri picha, wakahama mwaka huohuo. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba SourceForge imeichukua akaunti ya GIMP ya Windows iliyoachwa na inaigawa ikiwa na matangazo ndani, bila ridhaa ya wenyewe. Wamiliki wapya walipoinunua mwaka 2016 waliufuta mpango huo. Jina kubwa la tovuti leo halikuhakikishii lolote kesho, ndiyo maana nakushauri uachane na tabia ya kupakua kwenye tovuti zinazokusanya programu za wengine na uende kwa mtengenezaji mwenyewe.

Kwa mtengenezaji unafikaje? Andika anwani kwa mkono badala ya kubofya tangazo. 7-Zip iko 7-zip.org, na hicho kistari cha katikati ni sehemu ya jina. VLC iko videolan.org. LibreOffice, ya kazi za ofisi, iko libreoffice.org. Audacity, ya kuhariri sauti, iko audacityteam.org. Ziandike hizi kwenye karatasi uibandike ukutani hapo dukani, hasa kama una kijana anayekusaidia. Programu usiyoijua anwani yake, fungua ukurasa wake wa Wikipedia. Kwenye jedwali la upande wa kulia huwa kuna kiungo cha tovuti rasmi.

Faili likishashuka, usilifungue mara moja. Bofya kulia, chagua "Properties", kisha utafute ukurasa wa "Digital Signatures", yaani saini ya aliyelitoa. Kisakinishi cha VLC kitaonyesha jina la VideoLAN. Ukikuta jina la kampuni usiyoijua kwenye faili linalojiita VLC, lifute. Hata lile dirisha la Windows linalouliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko lina mstari wa "Verified publisher". Usome mstari huo kabla ya kubonyeza Yes. Lakini saini si kila kitu: 7-Zip kwa miaka mingi imetolewa bila saini kabisa, na dirisha lake huja na rangi ya njano na maneno "Unknown", ilhali ni salama. Kwa programu kama hiyo kinachokulinda ni anwani uliyoipakulia. Ukubwa wa faili nao unasaidia. VLC ya Windows inazidi MB 40. Ukipewa "VLC" ya MB 2, ujue hicho ni kipakuzi tu, na hujui kitakwenda kuvuta nini huko mtandaoni.

Kuna nyakati hata mtengenezaji mwenyewe anakuwekea mzigo. Kisakinishi cha Java kwa miaka kadhaa kilikuja na upau wa Ask, wa kutafutia mtandaoni, ukiwa umeshawekewa tiki. Ukurasa rasmi wa Adobe Flash nao ulikuwa na kisanduku cha antivirus ya McAfee, tayari kina tiki, na usipokiondoa kabla ya kupakua unaondoka nayo. Hapo anwani sahihi haikutoshi. Inabidi usome.

Kusoma kwenyewe si mkataba wote wa kurasa 30. Kuna sehemu chache zinazotegwa, na ukizizoea unaziona haraka. Ya kwanza ni pale unapoulizwa usakinishe kwa njia ya "Express" au "Custom". Express huandikiwa "recommended" pembeni, na Custom hupakwa kijivu au kuitwa "Advanced, for experts" ili ujione hustahili. Chagua Custom kila mara. Mara nyingi visanduku vya wadandiaji hujificha humo, na hata pale Custom inapoonekana imezimika kwa rangi yake, ukiibofya inakubali.

Ya pili ndiyo inayowanasa wengi, hata mafundi. Unakubali masharti ya programu uliyoitaka, inakuja skrini inayofanana na ile ya kwanza kwa kila kitu: kisanduku cha maandishi mengi, kitufe cha "Accept" upande wa kulia. Mkono unabonyeza wenyewe. Lakini angalia kichwa cha skrini hiyo, utakuta jina limebadilika, sasa ni la antivirus au la kivinjari kingine. Hiyo ni ofa, na kitufe chake cha kukataa ni "Decline" au "Skip", pengine kwa herufi hafifu kuliko zote. Wengi wanaogopa kubonyeza Decline wakidhani usakinishaji wote utakatika. Kisakinishi cha kawaida hakikatiki, kinaendelea na programu uliyoitaka. Kikikatika kwa sababu umekataa mzigo wa mtu mwingine, basi umeokoka, kitafute kingine.

Visanduku vyenye tiki uvisome neno kwa neno, maana vingine vimeandikwa kinyume: tiki maana yake "usinisakinishie". Ukiondoa kwa mazoea, umekubali.

Sasa nikupe njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaziruka skrini hizo. Windows 11, na Windows 10 iliyosasishwa, zina kifaa cha kusakinisha programu kinachoitwa winget, kilichotolewa rasmi na Microsoft mwaka 2021. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "cmd", fungua dirisha jeusi, kisha andika:

winget install 7zip.7zip

Mara ya kwanza itakuuliza kama unakubali masharti, andika Y. Baada ya hapo inachukua kisakinishi kwenye anwani iliyosajiliwa ya mtengenezaji, inakagua kama faili ni lilelile lililosajiliwa, na kwa kawaida inasakinisha kimyakimya bila kukuuliza Next hata moja. VLC ni "winget install VideoLAN.VLC". Usipojua jina, andika "winget search" ikifuatwa na neno. Kama dirisha jeusi linakutisha, tovuti ya ninite.com inafanya kazi inayofanana: unaweka tiki kwenye programu unazozitaka, unapakua faili moja, nalo linakataa ofa zote kwa niaba yako. Njia hizi mbili zimewaepusha watu kero nyingi kuliko antivirus yoyote ya kulipia ninayoijua.

Jambo jingine: kabla ya kupakua, jiulize kama unahitaji. Windows 11 iliyosasishwa tangu mwishoni mwa 2023 inafungua RAR na 7z za kawaida yenyewe. PDF inafunguliwa na Chrome au Edge. Programu za "kusafisha" na za "kuongeza kasi" huzihitaji hata siku moja. Yale mamia ya makosa unayoonyeshwa kwa maandishi mekundu ni chambo cha kukulipisha.

Nimalizie na mashine yako ilivyo leo. Fungua Settings, nenda Apps, kisha Installed apps, panga orodha kwa tarehe. Vyote vilivyoingia siku ile ya 7-Zip vitakaa pamoja juu, viondoe kimoja kimoja. Hiyo antivirus iondoe pia. Ilipoingia, Microsoft Defender, antivirus ya Windows yenyewe, ilijizima ili kuipisha, na ikitoka Defender hurudi yenyewe. Soma kwa utulivu vitufe vya kuondolea, kwa sababu baadhi hukubembeleza ubaki kwa kitufe kikubwa na kuficha "Uninstall" pembeni. Kisha pakua AdwCleaner kutoka malwarebytes.com, ni ya bure na inasaka hasa wadandiaji wa aina hii. Iendeshe, iache iwashe upya kompyuta.

Kwenye Chrome, kagua viendelezi ("Extensions") na ufute usivyovijua, halafu tumia "Reset settings". Ukurasa ule ukirudi, bofya kulia alama ya Chrome iliyo kwenye deskitopu, fungua Properties, tazama mstari wa "Target". Unatakiwa kuishia kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ikiwa baada ya hapo kuna anwani ya tovuti, hapo ndipo walipojificha, ifute. Na ikiwa menyu ya Chrome inasema "Managed by your organization" wakati duka ni lako na hakuna idara yoyote inayokusimamia, huenda AdwCleaner haijamaliza kazi, iendeshe tena.

Ukishamaliza, fungua Windows Security, "App & browser control", kisha "Reputation-based protection settings", na uhakikishe "Potentially unwanted app blocking" imewashwa pamoja na visanduku vyake viwili. Tangu 2021 huwa imewashwa yenyewe, lakini mashine iliyopitia mikono mingi huikuti ilivyokuwa.

Yote hayo yakishindikana ndipo upige Windows upya, na hapo sharti langu ni moja: ipakuliwe kutoka microsoft.com. Usikubali iliyochakachuliwa inayozunguka kwenye flashi za mafundi, kwa sababu hiyo inaweza kukuletea mabaya kuliko unayoyakimbia.

Nimekuandikia kwa urefu kwa sababu ya zile fomu za mkopo. Programu ya matangazo inayokaa ndani ya kivinjari inaweza kuona mteja anachofungua na anachoandika. Superfish, iliyowekwa kwenye baadhi ya kompyuta za Lenovo zilizouzwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, ilikuwa ya matangazo tu kwa jina, lakini ilijipenyeza hata kwenye mawasiliano yaliyofungwa ya benki. Sisemi yako imefanya hivyo. Ila mpaka mashine iwe safi, usimruhusu mtu aingie kwenye akaunti yake hapo. Nywila zako mwenyewe zibadili ukitumia simu, na kama una namba za wanafunzi waliojaza fomu kwenye mashine hiyo tangu siku ile, waambie nao wabadili zao.